Nataka kuona kinywaji changu kikiwa tumboni mwa mtu: MRI, ultrasaundi au kamera ya gama?

Mnato

Wakuu, habari za kazi.

Nasoma shahada ya uzamili, sayansi ya chakula. Tasnifu yangu inahusu kinywaji cha protini ya maziwa nilichokitia alijineti, ule unga unaotolewa kwenye mwani wa kahawia. Nina matoleo mawili. Moja ni jepesi, jingine linaganda likikutana na asidi. Yote yana mililita 300 na kilokalori 240, na ladha nimejitahidi zisitofautiane. Dai langu ni kwamba lile linaloganda litakaa tumboni muda mrefu zaidi, kwa hiyo mnywaji atachelewa kusikia njaa.

Kwenye maabara nimefuata utaratibu uliozoeleka wa usagaji bandia: nyuzi joto 37, asidi ya pH 3, pepsini (kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini), saa mbili, chombo kinazungushwa taratibu. Matokeo yalikuwa mazuri, hata grafu zinapendeza. Nilipoyawasilisha mbele ya jopo, mjumbe mmoja aliuliza swali moja tu: "Huyo mtu wako ana tumbo linalozungushwa saa mbili bila kutoa hata tone kwenda chini?"

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka.

Msimamizi sasa anataka tuwachukue watu wachache wenye afya, wanywe, tuwapige picha. Ultrasaundi tunaipata bila shida. MRI, ile mashine ya sumaku, tunaweza kupewa jioni wagonjwa wakiisha. Kamera ya gama ipo lakini vibali vyake vina mlolongo. Ninachotaka kujua kwa wenye uzoefu ni hiki: kila mashine inaona nini hasa? Je, bonge la jeli litaonekana, au nitaona kivuli tu? Na kama mtu amelazwa ndani ya mashine, tumbo lake bado linafanya kazi kama la mtu aliyekaa mezani?

Chabo

Mkuu, si umtie tu kamera mdomoni? Mimi nilipigwa endoskopi nikaonyeshwa picha za rangi, kila kona ya tumbo inaonekana. Au kile kidonge chenye kamera. Mbona mnazunguka mbali hivyo?

DadaSumaku

Chabo, nianze na wewe, maana hilo ndilo swali ambalo karibu kila mtu huanza nalo.

Kabla ya endoskopi uliambiwa usile. Kisha ulipolala pale, daktari alipuliza hewa ili kuta za tumbo zitanuke aone vizuri. Kwa hiyo ulionyeshwa tumbo tupu lililojazwa upepo. Kwa kutafuta kidonda hilo ni sahihi kabisa. Kwa kujifunza usagaji ni kama kukagua jiko baada ya vyombo kuoshwa. Kidonge chenye kamera nacho kinaona kilicho mbele ya jicho lake tu, na kikizama kwenye chakula hakioni kitu. Tena ni kikubwa. Tumbo lina tabia ya kubakiza vipande vikubwa na kuruhusu vile vilivyosagwa hadi milimita moja au mbili. Vile visivyosagika husubiri mpaka chakula kiishe, ndipo lije wimbi kali la kufagia, ambalo hujirudia kila dakika 90 hadi 120 mtu akiwa na njaa. Kidonge kinakuonyesha safari ya kidonge.

Sasa Mnato. Mimi ni mpiga picha wa MRI, na sehemu kubwa ya kazi yangu ya utafiti imekuwa tumbo na utumbo. Nitakuandikia kirefu kwa sababu naona unaelekea kuuliza "inatoka baada ya muda gani", na kwa kinywaji cha aina yako hilo ni nusu tu ya swali. Tena nusu ndogo.

Mtu wa kwanza kuliangalia tumbo likifanya kazi kwa miale ya eksirei alikuwa Walter Cannon. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari Harvard, mwishoni mwa 1896, mwaka mmoja tu baada ya Röntgen kuigundua miale yenyewe. Aliwapa paka chakula kilichochanganywa na chumvi ya bismathi, ambayo inazuia miale, akakaa kuangalia kivuli. Mwaka 1898 alichapisha alichokiona, na mpaka leo sijaona picha ya MRI iliyomkanusha katika jambo kubwa: sehemu ya juu ya tumbo imetulia, inahifadhi, sehemu ya chini ndiyo yenye mawimbi. Aliona pia kwamba paka akikasirika mawimbi yanasimama. Kumbuka hilo la paka utakapomfungia mtu mwenye hofu ndani ya bomba la MRI linalogonga.

Kwa hiyo mjumbe wako wa jopo alikuwa na haki, ila angeweza kukubana zaidi. Shida si tu kwamba chombo chako hakimwagi. Chombo chako kinachanganya kila kitu sawasawa, na tumbo halifanyi hivyo. Mafuta yanaelea juu. Sehemu ya katikati ya chakula inaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa na asidi. Maji yanaweza kupita kando ya chakula kizito yakatangulia kutoka. Wajerumani waliipa njia hiyo jina zamani, Magenstraße, barabara ya tumbo, ikifuata ule upinde mfupi wa ndani.

Mashine sasa.

Kamera ya gama inahesabu alama. Unatia teknetiamu-99m, dutu yenye mionzi, kwenye chakula, kamera inakuambia alama iko wapi na imebaki kiasi gani. Nusu ya mionzi yake inaisha kwa saa sita, inatosha kwa kipimo. Kwa swali la "mlo umetoka kiasi gani" sijui chombo kinachoaminika zaidi. Lakini haioni ukuta wa tumbo, haioni jeli, na haioni juisi ambayo tumbo lenyewe limemwaga juu ya mlo wako. Na lazima alama ishikamane na kile unachodhani imeshikamana nacho. Alama ikijitenga na jeli ikabaki kwenye maji, utapima maji na kuandika tasnifu kuhusu jeli.

MRI ni kinyume chake. Inaona maji yote, yawe ya kinywaji au ya tumbo lenyewe. Mtu anashika pumzi kama sekunde 15, tunakata picha za vipande kutoka juu mpaka chini ya tumbo, kisha mtu anakaa kwenye kompyuta kuchora mpaka wa tumbo kwenye kila kipande. Jumla ya maeneo mara unene wa vipande ndiyo ujazo. Hewa inatoka nyeusi, maji yanang'aa, mafuta tunayatenganisha kwa mipangilio mingine. Hakuna mionzi, kwa hiyo mtu mmoja unaweza kumpiga picha mara nyingi siku ileile.

Lakini angalia mtego. Ukimpa mtu mililita 300, baada ya nusu saa MRI ikakuonyesha 280, usiseme zimetoka 20. Inawezekana zimetoka 100 na tumbo limeongeza 80. Na hapa ndipo kinywaji kizito kinapodanganya watu. Kikundi cha watafiti wa Nottingham, Uingereza, ambako Peter Mansfield aliitengeneza njia ya picha za haraka iliyowezesha yote haya (yeye na Paul Lauterbur walipata Nobeli 2003), kiliwapa watu milo yenye mnato uliopishana mno. Tofauti ya muda wa kutoka ikawa ndogo kuliko mtu angetarajia, kwa sababu tumbo lilimwaga juisi na kuuzimua ule mnato upesi. Tumbo halikubali kupangiwa uzito wa uji.

Halafu kuna hili, na ndilo nataka ulisome mara mbili. Mwaka 2004 watu hao hao wa Nottingham walichapisha kazi iliyo karibu sana na yako: kinywaji chenye maziwa, alijineti ya kuganda kidogo na ya kuganda sana, picha za MRI. Mabonge yalionekana waziwazi ndani ya tumbo. Waliokunywa ile ya kuganda sana walijisikia wameshiba zaidi baadaye. Ila shibe hiyo haikuelezwa na tumbo kuchelewa kumwaga.

Kwa hiyo dai lako lina hatua mbili, "inakaa zaidi" na "kwa hiyo njaa inachelewa", na hicho kiungo cha katikati ndicho kinachoweza kukatika. Ukipima muda wa kutoka peke yake, unaweza kukuta hakuna tofauti ukatupa kinywaji kizuri. Picha ina thamani kwako kwa sababu inaonyesha chakula *kimekaaje*: kimejigawa, kimetulia juu, kimeganda wapi, juisi imeingia mpaka wapi.

Swali langu kabla sijaendelea: protini yako ni kasini au wei, zile aina mbili za protini ya maziwa? Kama ni kasini, toleo lako "jepesi" nalo litaganda likikutana na asidi, na hutakuwa na kitu cha kulinganisha.

UsingiziMwema

Daktari wa usingizi hapa. Niitetee ultrasaundi kidogo, maana naona dada ameiruka.

Sisi tunaitumia kila siku kujua kama mgonjwa ana kitu tumboni kabla ya kumlaza, kwa sababu kilichomo kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Unaweka kifaa chini tu ya kifua, katikati, kikitazama kutoka kichwani kuelekea miguuni. Unatafuta sehemu ya chini ya tumbo, antramu, nyuma ya pande la kushoto la ini. Mgonjwa alale ubavu wa kulia, ili maji yateremkie huko. Unapima eneo lake kati ya wimbi na wimbi, si wakati limejikaza.

Kwa watu wazima wasio na mimba kuna kanuni inayotumika sana: ujazo kwa mililita ni 27, jumlisha 14.6 mara eneo kwa sentimita za mraba, toa 1.28 mara umri. Mtu wa miaka 30 mwenye eneo la 10 atakuwa na karibu mililita 135. Sisi tukiona maji yanazidi mililita 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake, tunahesabu hilo ni tumbo lililojaa.

Si jambo jipya. Bateman na Whittingham walipima tumbo likimwaga kwa ultrasaundi mwaka 1982. Ni rahisi, mtu anaweza kukaa, na mawimbi unayaona papo hapo: matatu kwa dakika.

Sasa ubaya wake, kabla Mnato hujafurahi. Kanuni ile ilitengenezwa kwa maji maangavu. Kinywaji chenye mabonge si maji maangavu. Chakula kigumu kikishuka na hewa yake, kwa muda fulani ukuta wa nyuma hauonekani kabisa, na huwezi kupima usichokiona mpaka wake. Na sehemu ya juu ya tumbo, ambako dada anasema mambo yanahifadhiwa, imejificha chini ya mbavu na mara nyingi ina hewa. Ultrasaundi ikikutana na hewa, kazi imeisha.

Nyongeza: uliza kila mjitoleaji dawa anazotumia. Hizi sindano za kupunguza uzito za kundi la GLP-1 zinachelewesha tumbo. Siku hizi tunakuta chakula kwa watu waliofunga kama walivyoagizwa. Dawa za maumivu za kundi la afyuni pia.

MamaShibe

Mimi si mtaalamu, ni mgonjwa. Nina kisukari cha muda mrefu na tumbo langu ni mvivu. Nimepigwa hiyo kamera ya gama, nikaona niseme ilivyo upande wa anayelazwa, maana mnaandika kama tumbo halina mwenyewe.

Kwanza walipima sukari. Ikiwa juu sana kipimo hakifanyiki, kwa kuwa sukari yenyewe inapunguza mwendo wa tumbo. Wakaniletea chakula: ute wa mayai uliopikwa na kile kitu cha mionzi, vipande viwili vya mkate uliokaushwa, jemu, maji. Ule ndani ya dakika kumi. Kwa mtu ambaye akila vijiko vitatu anasikia kichefuchefu, hizo dakika kumi ndizo zilizokuwa ngumu kuliko mengine yote. Mashine yenyewe haiumi wala haipigi kelele.

Picha ya mwanzo, ya saa moja, ya saa mbili, ya saa nne. Katikati unakaa, huruhusiwi kulala wala kuvuta sigara wala kutembeatembea ovyo.

Ninalotaka Mnato alisikie ni hilo la saa nne. Huko nyuma nilikuwa nimepimwa mahali pengine, wakasimamisha kipimo saa mbili wakaniambia tumbo liko sawa, tatizo ni mawazo. Nilipopimwa mpaka saa nne, saa mbili zilikuwa bado ndani ya kawaida. Saa nne ndipo ikaonekana: kilichobaki hakitakiwi kuzidi asilimia 10, changu kilizidi sana. Tumbo langu linaanza vizuri, halafu haliishi kazi. Ukipanga kupiga picha za muda mfupi kwa sababu mashine ina foleni, utamkosa mtu kama mimi.

DadaSumaku

Bi mkubwa, asante. Hilo la kuanza vizuri na kutomaliza lina maelezo. Maji hutoka kwa kasi mwanzoni kisha kasi inapungua. Chakula kigumu husubiri kwanza kisagwe, ndipo kianze kutoka kwa mwendo ulio karibu sawa. Picha za mapema zinasema zaidi kuhusu hatua ya kwanza.

Daktari, sikuiruka ultrasaundi, nilikuwa nakuachia wewe.

Mnato

Nimesoma yote, na hiyo kazi ya 2004 nimeipata. Nimekaa nayo jana usiku. Nashukuru na naumia kwa wakati mmoja.

Protini ni wei, kwa hiyo hapo niko salama. Nishati ni kilokalori 240 kama nilivyosema.

Naomba mnisaidie mambo matatu yaliyobaki. Hilo la kulala sijajibiwa. Nimesoma kuna watu walisema kidonge kinayeyuka haraka zaidi ukilala ubavu wa kulia, je ni kweli kwa chakula pia? La pili, jeli yangu ikiwa dhaifu tumbo litaisaga na sitaona bonge lolote. Nitajuaje nguvu inayotosha? La tatu, picha ngapi na kwa muda gani, maana hiyo mashine sitapewa usiku kucha.

Chabo

Mimi nakaa nasoma tu. Hilo la barabara ya tumbo sikuwahi kulisikia.

DadaSumaku

Kulala. Kazi ya ubavu wa kulia unayoisema ilitoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 2022, na ni hesabu za kompyuta: tumbo la kidijitali lililochongwa kutokana na picha za watu, kidonge kikatupwa ndani, wakaangalia kinavyoyeyuka. Ubavu wa kulia dakika 10, wima dakika 23, ubavu wa kushoto zaidi ya 100. Sababu ni mvuto: ukilala kulia, mlango wa kutokea uko chini, kitu kizito kinaanguka karibu nao. Ninaziamini kama mwelekeo. Usizinukuu kama vipimo vya watu, maana si vipimo vya watu.

Kwa mashine yetu mtu analala chali. Hapo sehemu ya juu ya tumbo ndiyo inakuwa chini kabisa, kuelekea mgongoni, na kinywaji kinajikusanya huko. Hewa inapanda mbele, kwenye antramu. Yaani unamgeuza mtu, na tumbo linajipanga upya. Kwa hiyo mshiriki anywe akiwa amekaa, abaki amekaa nje ya chumba, aingie kwa dakika chache tu za picha, atoke akakae tena. Inachosha wote, lakini ndiyo njia. Zipo MRI zilizo wazi ambazo mtu anakaa wima, ila sumaku zake ni dhaifu na picha zinachukua muda zaidi.

Nguvu ya jeli. Nottingham tena, 2001: waliwapa watu vishanga vya jeli ya agari vilivyotengenezwa kwa ugumu tofauti, wakaangalia kwa MRI vipi vinavunjika. Mpaka ulikuwa nguvu ya kuvunja ya takriban niutoni 0.65. Chini ya hapo vinasagwa upesi, juu ya hapo vinabaki kuzunguka. Una mashine ya kupima ugumu wa jeli kwenye maabara yenu, bila shaka. Tengeneza jeli yako kwenye asidi, ikate, iminye, uone iko upande gani. Alijineti inabadilika sana ukiongeza kalisi, kwa hiyo una nafasi ya kucheza. Kama toleo lako linavunjika kwa niutoni 0.1, usitarajie mabonge baada ya saa moja.

Picha ngapi. Chukua kwamba tumbo linapitisha kilokalori mbili hadi tatu kwa dakika likiwa na mlo wa nishati kama wako. 240 gawanya kwa tatu ni dakika 80, gawanya kwa mbili ni dakika 120. Ukifunga kazi saa moja, umefunga katikati ya sinema. Panga saa mbili na nusu. Picha moja kabla ya kunywa, kwa sababu tumbo la mtu aliyefunga si tupu: lina maji yake, mara nyingi mililita 30 na kitu, na watu wanapishana. Moja mara tu baada ya kunywa. Kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kisha kila nusu saa. Maji matupu mililita 240 tumbo hurudi lilipoanzia ndani ya dakika 45, kwa hiyo ukitaka kumwonyesha mjumbe wako wa jopo kwamba mashine inafanya kazi, mpe mshiriki mmoja glasi ya maji kwanza.

Kila picha iambatane na mstari wa milimita 100 ambao mshiriki anaweka alama ya njaa na shibe. Bila huo utakuwa na picha nzuri zisizojibu dai lako.

Mawimbi unaweza kuyaongeza: picha moja kila sekunde, kwa dakika mbili au zaidi. Wimbi moja huja kila sekunde 20, ukipiga kwa nusu dakika huna kitu. Mimi kwenye kazi yako ningeyaacha. Yanakula muda wa mashine na hayagusi dai lako.

Kila mtu anywe matoleo yote mawili kwa siku tofauti, na toleo la kuanza liamuliwe kwa bahati nasibu. Tofauti kati ya tumbo la mtu na tumbo la mtu ni kubwa mno kwa kundi dogo kama lako. Ukilinganisha mtu na yeye mwenyewe, angalau unalinganisha tumbo lilelile.

UsingiziMwema

Nakubaliana, na niongeze la kiutendaji: ultrasaundi itumieni kwenye mchujo. Mshiriki akifika asubuhi anasema hajala, dakika mbili mnahakiki antramu iko tupu kabla ya kuharibu nafasi ya MRI. Na wakati amekaa nje akisubiri picha inayofuata, mnaweza kupima antramu akiwa wima. Namba za ujazo msizitumie. Mwelekeo wa eneo unatosha.

MamaShibe

Na muwape blanketi. Vyumba vya mashine ni baridi.

DadaSumaku

Kweli kabisa, Bi mkubwa. Mtu akitetemeka, picha inatetemeka.

Mnato, jambo moja la kufanya kabla ya mshiriki yeyote. Weka kinywaji kwenye chupa za plastiki, matoleo yote mawili, yakiwa mazima, kisha yakiwa yamezimuliwa na asidi kwa viwango tofauti. Tuyapige picha. Tunapima kitu kinachoitwa T2, yaani mawimbi ya redio ambayo maji yanairudishia mashine yanafifia kwa kasi gani. Kwenye maji huru yanafifia polepole, kwenye maji yaliyoshikwa na jeli au protini yanafifia haraka. Ukishakuwa na jedwali la chupa, utakapoona namba fulani ndani ya tumbo la mtu utajua hapo ni jeli, hapo ni kinywaji kilichozimuliwa nusu, na hapo ni juisi tupu. Bila chupa utabaki kubishana na jopo kuhusu kivuli cha kijivu.

Mnato

Msimamizi amekubali chupa, na jioni moja tumepewa. Mjumbe wa jopo mwenyewe ameomba kuja kuangalia.

Swali la mwisho, samahani kwa usumbufu: chupa zisimame au zilale? Na nizilete zikiwa za baridi kutoka jokofuni ili jeli isibadilike njiani?

DadaSumaku

Zilale, kwa sababu washiriki watalala, na nataka kuona jeli inazama au inaelea kwenye upande uleule. Ziache zitulie dakika chache kabla ya picha.

Baridi usilete. T2 inabadilika na joto, namba za jokofuni hazitakusaidia chochote kwenye tumbo la nyuzi 37. Leta sanduku lenye maji ya nyuzi hizo, uzitumbukize humo mpaka zamu yake. Sanduku lisiwe na chuma, hata bawaba. Kipimajoto cha chuma kikae nje ya mlango.